Wiki Mama Mkwe Alipohamia Jikoni Kwangu

Kila Jumapili mchana, watoto wakishatoka kanisani na kuvua nguo nzuri, nilikuwa natandika mkeka kwenye sakafu ya jikoni na kupanga juu yake kila kitu cha kuliwa kilichokuwemo ndani. Unga wa mahindi, maharage, dagaa, karanga, mafuta ndani ya chupa ya maji, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo mama yangu mzazi alikuwa akinitumia kutoka Tinde. Kisha nakaa chini na kuanza kuigawa wiki. Maharage yanalowekwa Jumapili jioni ili Jumatatu yasile mkaa mwingi. Jumanne ni maharage yaleyale, yamepondwapondwa na kuungwa kwa karanga, na binti zangu wawili wanakula wakidhani ni mboga nyingine. Dagaa wanakaa katikati ya wiki, wakati hamu ya kitu chenye damu inapowazidi. Jumamosi naoka mkate wa kutosha chai ya siku tatu.

Hesabu hizo nilifundishwa na ndoa. Mume wangu ni mchimbaji mdogo huko Geita. Anashuka kwenye duara, kama wanavyoliita shimo lao, na anaweza kukaa huko msimu mzima bila kuona kitu. Likitoa, tunakula nyama. Lisipotoa, wiki ni lazima ipangwe na mtu aliyebaki nyumbani. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Nyasubi, Kahama, na jiko la uani lenye paa la bati.

Jumapili ninayoisimulia, mkeka ulikuwa umeshatandikwa mume wangu alipoingia na mama yake. Walikuwa wanatoka hospitali ya Shinyanga. Nilikuwa nimeenda kumwona huko akiwa amelala, lakini kumwona mtu amelala kitandani na kumwona amesimama mlangoni kwako akitafuta mkono wa kukupa ni mambo mawili tofauti. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kutoka kiwiko hadi mwisho, na mwisho ulikuwa umekuja mapema kuliko unavyopaswa. Vidole vinne havikuwepo. Alinipa wa kushoto. Nikasema shikamoo mayu, mama kwa Kisukuma chetu, akaitikia, kisha akatazama vyakula vilivyokuwa chini.

Aliuliza kama hiyo ndiyo ya wiki nzima. Nikasema ndiyo. Akajishusha taratibu, akakaa pembeni mwa mkeka, akasukuma karanga kwa mkono wake mzima kutoka upande wa Jumanne kwenda upande wa Alhamisi.

"Jumanne bado mna nguvu," alisema. "Weka mafuta pale mnapochoka."

Mume wangu aliondoka alfajiri ya Jumatatu. Wenzake walikuwa wamefika kwenye mwamba, na asiyekuwepo wakati huo hana mgao. Alimwinamia mama yake, akaniambia nimwangalie, akaenda stendi.

Siku hiyo, tukichambua maharage ambayo hayakulowekwa, mama mkwe alinieleza yaliyompata. Mimi nilikuwa nimesikia vipande tu. Alikuwa akiishi peke yake kijijini, si mbali na Mhunze, tangu baba mkwe afariki. Kule miti ni michache, hivyo maisha yake yote alipikia mashina ya pamba na samadi ya ng'ombe iliyokaushwa, ndani ya jiko la udongo lisilo na dirisha. Moshi ule ulimtia macho mekundu akiwa bado msichana, na kwa miaka mingi hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu wanawake wote wa pale walikuwa nayo. Kisha mtoto wa nyumba ya tatu akafa kwa homa, na mwingine baada yake, na macho yale yakaanza kuitwa ya mchawi. Watu wakaacha kununua maziwa kwake. Wanawake aliochota nao maji wakaanza kungoja kwanza aondoke kisimani. Hakuna aliyemwambia neno usoni.

Waliingia jua linapozama, wakati ugali unaanza kushika. Wanaume wawili wenye mapanga, nyuso zimefungwa vitambaa. Wa tatu alibaki nje. Mama mkwe alikuwa na mwiko mkononi, na panga la kwanza lilipokuja alinyanyua mkono huohuo. Mwiko ulikatika na vidole vikaenda nao. Pigo la pili lilimpata chini ya kiwiko. Alisema hakusikia maumivu wakati ule, aliona tu mfupa wake mweupe na akashangaa kwamba ni mweupe hivyo. Akashika ukingo wa sufuria kwa mkono wa kushoto, akaupindulia ugali wote unaochemka kwenye miguu ya yule aliyekuwa karibu. Yule mtu alianguka akipiga kelele na kujikung'uta, na ugali wa moto haukung'utiki, unashika kama gundi. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa fito, upande wa pili zizi la mbuzi. Akausukuma kwa bega, akaanguka katikati ya mbuzi, akajiviringisha mpaka mwisho wa zizi huku wanyama wakimkanyaga. Vijana waliokuwa wanarudisha ng'ombe wakasikia, wakapiga yowe, washambuliaji wakakimbia.

"Mbuzi walikuwa wekundu wote," aliniambia. "Damu yangu hiyo. Nilijiuliza, mtu mmoja ana damu nyingi namna hii?"

Alisimulia yote haya huku akitenga vijiwe kwenye maharage, na hakuacha kijiwe hata kimoja.

Siku mbili zilipita vizuri kuliko nilivyotarajia. Hakuweza kushika mwiko, lakini alijua mengi. Nilikuwa na gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na mimi nilijua kuvichemsha tu. Yeye alinionyesha jinsi ya kuvitwanga na kuchekecha unga wake ili uchanganywe na ngano kidogo wakati wa kuoka. Tukakubaliana Jumamosi tutaoka hivyo. Nilipomfunga bandeji jioni alitazama pembeni, na mimi nilijifunza kutopumua kwa pua.

Jumatano alikuja baba mdogo wa mume wangu. Ni mdogo wake marehemu baba mkwe, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliyevaa koti hata kwenye joto. Nilipiga goti nikasema shikamoo baba, akaitikia marahaba, akanipa jogoo aliyefungwa miguu. Alisema amekuja kumjulia hali shemeji yake. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko. Alipomwona, aliuficha mkono wa bandeji ndani ya kanga kama mtu anayeficha pesa.

Dagaa walikuwa wameshaoshwa, lakini mgeni akija na jogoo wake hupiki dagaa. Nikamkanyaga mabawa jogoo yule, nikamvuta shingo, nikamchinja. Baba mdogo alisimama nyuma yangu akitazama kisu. Alisema nina mkono mwepesi. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza kwamba mchuzi utakaobaki utatuvusha Alhamisi, tutaumiminia michembe.

Alipewa firigisi, kama ilivyo heshima, akaila yote. Huku anakula alieleza kwamba ukoo umekaa na umeona shemeji arudi nyumbani. Yupo mganga atakayemwosha mbele ya kijiji, maneno yaishe. Kuhusu shamba la mbugani aliloachiwa na baba mkwe, yeye atalitunza, maana mwanamke mwenye mkono mmoja hawezi kulima. Mama mkwe nilimwekea paja la kuku, na mpaka sahani zilipoondolewa lilikuwa halijaguswa.

Nilimsindikiza mgeni hadi kwenye geti la bati. Hapo alisimama, akaniambia bila kupandisha sauti, "Mkamwana, nyumba hii ni ya kupanga. Mwenye nyumba akisikia umemweka mchawi, wewe na wanao mtalala wapi? Jumamosi nakuja na vijana tumchukue. Mfungie vitu vyake."

Niliporudi jikoni mama mkwe alikuwa amelitupa lile paja kwa paka wa jirani. Mimi katika nyumba yangu sijawahi kumwona mtu akitupa nyama, nikaanza kusema. Akanikatisha.

"Yule wa nje ndiye huyu," alisema.

Sikuelewa mara moja. Akanieleza kwamba siku ile, alipokuwa ameanguka kwenye zizi, mtu wa tatu aliyebaki nje alisema kwa Kisukuma, malizeni, watu wanarudi na ng'ombe. Sauti hiyo aliijua. Alipoolewa, huyu baba mdogo alikuwa mtoto asiye na mama, na yeye bibi harusi ndiye aliyemlisha uji na kumwogesha. Alimsikia akijifunza kusema. Hospitalini polisi walimuuliza kama aliwatambua watu wale, akasema hapana. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alitaka kwanza kusikia tena sauti ile akiwa mzima, asije akamsingizia mtu kwa sababu ya homa. Sasa ameisikia.

Nilimpigia simu mume wangu jioni ile, akiwa amepanda kutoka shimoni. Alisema mama bado anaumwa na mgonjwa husikia mengi. Baba mdogo ndiye aliyempeleka shule. Alisema nisubiri, atakuja mwisho wa mwezi, na kabla ya hapo nisiuvunje ukoo wa watu. Nilikata simu. Alhamisi nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akanisikiliza vizuri na kuniambia nimpigie likitokea lolote. Basi nikamweleza jirani yangu wa ukuta mmoja, mjane wa Kiislamu anayekaanga vitumbua kila alfajiri na kuviuza mbele ya nyumba. Yeye hakuuliza mengi. Alisema Jumamosi binti zangu washinde kwake.

Ijumaa jioni tuliandaa unga. Mama mkwe alichekecha unga wa michembe kwa mkono wa kushoto, mimi nikauchanganya na ngano, hamira, sukari kidogo na maji vuguvugu, nikaukanda mpaka ukaacha kushika vidole. Asubuhi ulikuwa umeumuka hadi ukingoni. Kuoka bila oveni kunataka subira. Unaweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, sufuria ya mkate unaipachika ndani yake, chini unaacha moto mdogo, juu unafunika bati na kulijaza makaa yanayowaka. Moto wa juu ndio unaoivisha uso wa mkate, na ni lazima uwe mkali kuliko wa chini. Makaa yalikuwa mekundu kabisa na harufu ilikuwa imeanza kutoka geti liliposukumwa.

Baba mdogo alikuwa na vijana wawili. Mmoja alibeba kiroba mkononi, na alichechemea. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kutoka kifundo hadi chini ya goti.

Mama mkwe aliutazama mguu ule. Kisha akausogelea mlingoti unaoshika paa la jiko na kuuzungushia mkono wake mzima.

"Shemeji, twende," baba mdogo alisema.

Alipoona hasogei, aliingia jikoni akamshika mkono wa bandeji, akauvuta. Sijawahi kusikia tena sauti kama ile ya nyuzi za mshono zinazokatika ndani ya kitambaa. Mama mkwe hakulia. Aliuma kanga yake, na bandeji ikaanza kulowa, na yule mtu akavuta tena, kwa nguvu zaidi, akiwa amekanyaga mlingoti kwa mguu mmoja kama anayeng'oa muhogo.

Nilishika bati kwa vitambaa vya jikoni. Sikufikiri chochote. Nilikuwa nyuma yake, ameinama, na kola ya koti ilikuwa imeachana na shingo. Nikamimina makaa yote humo.

Alimwachia. Alizunguka uani akijipiga mgongoni, koti likitoa moshi, na hakuweza kulivua kwa sababu mikono yake yenyewe ilikuwa inaungua. Kijana mwenye kiroba alichomoa panga. Aliilenga shingo yangu, nami nilikuwa nakwepa makaa yaliyoanguka miguuni, hivyo panga likanipata begani kwa ubapa. Mfupa ulivunjika, niliusikia, na nikaanguka ubavu kando ya jiko. Kijana wa pili akaanza kunipiga mateke ya mbavu. Sikuona maumivu ya kila teke, niliona tu viatu vyake, raba nyeupe zilizooshwa vizuri, vikija na kuondoka.

Jirani alipiga yowe kutoka juu ya ukuta. Nyasubi Jumamosi ni siku ya watu: wabeba mizigo, madereva wa bodaboda, wauza nyanya. Walijaa uani kabla sijaweza kunyanyuka, wengine wamebeba matofali. Kijana wa panga akaona kwamba amezingirwa, akageuka akamwonyesha mama mkwe kwa ncha ya panga.

"Mchawi huyu," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Ameua watoto kwetu. Tumekuja kumchukua mchawi, mtazameni macho."

Nikiwa chini niliona miguu yote ikisimama. Walimtazama. Alikuwa amekaa chini ya mlingoti, kanga imejaa damu, na macho yake yalikuwa mekundu kama alivyosema yule kijana. Matofali yalikuwa bado mikononi mwa watu, ila sasa hayakujua ni ya nani. Mtu mmoja nyuma aliuliza, ni kweli? Mwingine akamjibu, si unaona.

Jirani yangu alipita katikati yao akaenda kusimama mbele ya mama mkwe. Alikuwa bado na aproni yenye mafuta.

"Na mimi yangu ni mekundu," alisema. "Nakaanga vitumbua alfajiri zote hizi tangu mume wangu afe, na ninyi mnavila. Anayetaka kuua macho mekundu aanze na mimi."

Hakuna aliyesogea. Ndipo mama mkwe akasema, taratibu, kama anayeagiza chumvi, "Mfungueni huyo mguu. Kilicho chini ya kitambaa ni ugali wangu."

Mtu mmoja akainama akakivuta kitambaa. Ngozi ya mguu ilikuwa imebabuka yote kutoka kifundo kwenda juu, imeanza kupona kwa mabaka. Aliyekivuta alikuwa dereva wa bodaboda ambaye huwabeba binti zangu mvua ikinyesha. Ndiye aliyempiga wa kwanza, kwa tofali, usoni.

Wale wengine walifuata. Raba nyeupe ziliruka ukuta na kutokomea, nasi hatukumwona tena. Huyu wa mguu walimburuta hadi kwenye ukuta wa choo. Walimpiga kwa matofali, kwa mchi wangu wa kutwangia, kwa mti wa kuanikia nguo. Meno yake yalikuwa kwenye sementi. Mwanzoni nilitaka wampige, sitaki kusema uongo, kila pigo lilinituliza bega. Kisha akaanza kuita, mayu, mayu, vilevile ninavyomwita mama mkwe, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Mama mkwe aligeuza kichwa kuelekea kwake, kama mtu aliyeitwa. Nilijaribu kuwaambia waache, lakini kifua hakikuwa na hewa. Jirani aliwaambia. Aliwavuta mashati, wakamsukuma. Alipoacha kupumua walirudi nyuma wote kwa pamoja, wakatazamana, na baadhi wakaanza kuondoka upesi bila kuaga.

Baba mdogo alikuwa amejiingiza chini ya kichanja cha vyombo. Walikuwa wanamvuta miguu polisi walipofika na kupiga risasi juu. Hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Mimi na mama mkwe tulipelekwa hospitali kwa gari moja, tumekaa kwenye benchi moja. Yeye alishonwa upya. Mimi nilifungwa bega na mbavu, nikahojiwa na polisi nikiwa nimeegemea ukuta, kwa sababu kukaa kuliniuma kuliko kusimama. Yule askari aliniuliza mara kadhaa kwa nini sikutumia kitu kingine. Nikamwambia ndicho kilichokuwa mkononi.

Mume wangu alifika Jumapili. Alikuta uani pameoshwa kwa maji na sabuni, lakini ukuta wa choo, ambao haukupigwa lipu, ulikuwa umeshanywa damu. Alikaa kwenye kigoda. Alinitazama, akautazama mkono wa mama yake, akarudi kwangu.

"Umemmwagia moto baba yangu mdogo," alisema.

Mama yake ndiye aliyemjibu.

"Alipoleta watu wanikate vidole, alikuwa baba mdogo wa nani?"

Mume wangu alisimama akaenda bombani, akafungua maji, akakaa pale akiyaacha yamwagike. Baadaye alienda kununua chokaa akaupaka ukuta ule, mara ya kwanza, ya pili, mpaka giza likaingia.

Mkate wa Jumamosi ulikuwa umebaki kwenye mchanga wake. Chini ulikuwa umeungua mkaa mtupu, juu mbichi, kwa sababu moto wa juu niliutumia kwingine. Ningeutupa. Binti zangu walirudi kutoka kwa jirani na kuuliza habari zake, na mama mkwe akaniambia nikate. Tukaondoa gamba lililoungua, katikati palikuwa pameiva, na pale pabichi nikakata vipande na kuvikaanga kwa mkono wangu mmoja wakati yeye akivigeuza kwa wake. Tulikula na chai. Nilikuwa na njaa kuliko siku yoyote ninayoikumbuka, na nilipomeza mbavu ziliuma.

Kesi ilisikilizwa Shinyanga, na mume wangu ndiye aliyempeleka mama yake kila mara ilipotajwa. Mama mkwe alisimama akasema aliisikia sauti, akaitamka ile sentensi kwa Kisukuma, na mkalimani akaitafsiri kwa Kiswahili. Huko ndiko tulikosikia sababu. Watu waliokuwa wakipima mawe kutafuta madini walikuwa wamepita kwenye shamba lake la mbugani, na baba mdogo alishawaahidi kwamba litakuwa lake. Maneno ya uchawi aliyaanzisha yeye mwenyewe kwenye matanga ya yule mtoto wa kwanza, akimnong'oneza huyu na yule. Alifungwa. Shingo yake ilikuwa na kovu lililomfanya ageuke mwili mzima alipotaka kumtazama mtu, na siku ya hukumu aligeuka hivyo kunitazama mimi. Sikuinamisha macho.

Mama mkwe alibaki kwetu. Jumapili tunagawa wiki pamoja, na bega langu likikaza wakati wa baridi yeye hukanda unga kwa mkono wake wa kushoto na kisigino cha ule wa kulia, na mkate wake unaumuka kuliko wangu.

Msimu uliofuata alipata habari kwamba mke wa baba mdogo ameuza ng'ombe wa mwisho na watoto wanashindia uji wa mtama usio na sukari. Aliniambia tuwapunguzie kwenye yetu. Nikakataa. Nilimwambia mwanamke yule alikuwa anajua, haiwezekani mume apange jambo kama lile na mke asijue, na kwamba mimi silali upande wangu wa kulia mpaka leo kwa sababu ya nyumba ile. Mama mkwe alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Huenda alijua," alisema. "Watoto wanakula wapi?"

Alijaza mahindi na maharage kwenye kiroba yeye mwenyewe, akiubana mdomo wa kiroba kwa meno ili afunge kamba. Mimi nilikibeba hadi stendi, kwa bega la kushoto, nikampa kondakta wa basi la Mhunze na kumwambia jina la kijiji. Aliniuliza nani anatuma. Nikamwambia mama yao mkubwa. Tangu hapo kila mwezi kinakwenda kiroba, na wiki yetu imepungua kwa kiasi hicho. Mwanamke yule hajawahi kunipigia simu, wala mimi sitaki anipigie.